Pikipiki Iliyolazwa na Stika ya Mwaka: Wajibu wa Bima Karagwe na Kyerwa

Sheria ya Bima ya Magari ya Tanzania, Sura ya 169, haimlazimishi mtu kukata bima kwa sababu tu jina lake limo kwenye kadi ya pikipiki. Inachokataza ni kutumia chombo cha moto barabarani, au kumruhusu mwingine akitumie, pasipo bima inayowalinda watu wengine. Makala hii inadai kwamba sheria imeuweka wajibu mahali pake, ila soko, kwa kuzoea kuuza stika ya bima ya mwaka mzima, limeusogeza hadi kwenye umiliki.

Athari za hilo huonekana wazi wilayani Karagwe, na Kyerwa iliyomegwa kutoka humo mwaka 2012. Bodaboda wa mkataba hana likizo. Hesabu ya mwenye pikipiki inadaiwa kila siku. Mkulima ni tofauti. Kahawa ikivunwa, pikipiki yake hubeba magunia hadi chama cha msingi. Msimu ukipita na fedha zikikauka, huweza kulala stoo kwa miezi. Katika miezi hiyo bima ndogo, yaani hiyo ya kuwalinda wengine, haimfai kitu: ingemlipa mpita njia atakayegongwa, wala haigusi wizi au moto. Analipia hatari asiyoisababisha, huku ile inayomkabili ikibaki bila kinga.

Wapo watakaotaka tufuate Uingereza, ambako tangu 2011 mmiliki hudaiwa bima hata asipoendesha, isipokuwa ametoa taarifa rasmi kwamba chombo hakiko barabarani. Hoja yao ina uzito: rejesta humnasa asiye na bima kabla hajagonga mtu. Lakini rejesta hiyo hutegemea kwamba aliyeandikwa ndiye aliye na chombo. Kwetu pikipiki nyingi huuzwa bila kubadilisha kadi, hivyo deni lingemwangukia aliyekwisha kuuza. Isitoshe, bajeti ya 2017/18 ilifuta ada ya mwaka ya leseni ya magari, ikasamehe malimbikizo na kuhamishia tozo kwenye mafuta. Serikali yenyewe ilikubali kwamba anayetumia ndiye alipe.

Mpaka wa matumizi, hata hivyo, si wa kukisia. Katika kesi ya Elliott dhidi ya Grey, iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1959, gari bovu lililotolewa betri, likiwa nje ya nyumba ya mwenyewe, lilihesabiwa kuwa linatumika, kwa kuwa lilikuwa barabarani na liliweza kusogezwa. Uamuzi huo hauzifungi mahakama zetu, lakini unaweza kuzishawishi. Aliyeifungia pikipiki uani Nkwenda ana hoja; aliyeiacha kando ya barabara Omurushaka asiitegemee.

Suluhisho ni kusimamisha bima kwa muda. Mmiliki atoe taarifa kwa simu, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima uonyeshe kwamba stika imesimama, na siku zilizobaki zisogezwe mbele. Ili asisimamishe leo na kupanda kesho, muda usipungue mwezi mmoja, na trafiki ahakiki namba ya usajili kwenye mfumo. Kampuni zitalalamikia gharama. Lakini mkulima asiyemudu mwaka mzima huingia barabarani bila bima msimu wa mavuno, na atakayemgonga hatakuwa na wa kumlipa. Bima inayoweza kusimamishwa, ikikatwa kweli, humlinda mhanga huyo kuliko ya mwaka mzima isiyokatwa.