Mwenye gari yuko Dar, gari liko Choma: 'cha juu' kinavyotengenezwa gereji

SIMU inayoanza na maneno "bosi, injini imekufa" imewatia hasara wamiliki wengi wa magari ya mizigo. Gari limekwama Choma, wilayani Igunga mkoani Tabora, likiwa limesheheni mpunga. Mwenye gari yuko Dar es Salaam au Mwanza. Fundi amekwisha kufungua silinda hedi, vyuma vimetandazwa juu ya turubai, na fedha za spea zinatakiwa kabla jua halijazama. Mwenye gari hana macho pale, hana fundi mwingine wa kumuuliza, na kila siku ambayo gari linalala ni fedha inayopotea. Anatuma.

Malalamiko juu ya mafundi wa magari yanasikika katika kila mji wa nchi hii, na kwa kawaida huishia kwenye kauli kwamba mafundi ni wezi. Kauli hiyo haimsaidii mtu, na kwa mafundi wengi ni uonevu. Anayetaka kulinda fedha zake hana budi kujua bei inapandishwa katika hatua ipi ya kazi, na ni nani wanaogawana kilichozidi.

Choma haipo kwenye barabara kuu itokayo Dodoma na Singida kupitia Igunga na Nzega. Iko ndani, katika ukanda wa mpunga na pamba wa Manonga, kwenye udongo mweusi wa mbuga ambao masika hunasa magurudumu na kiangazi hupasuka. Spea za bodaboda hazisumbui kupatikana katika miji midogo ya namna hiyo, lakini nozeli ya Fuso au pampu ya dizeli mara nyingi hufuatwa mbali, Nzega, Tabora mjini au Mwanza. Anayekwama huko hana nafasi ya kuzunguka akilinganisha bei.

Kumtoza aliyekwama si jambo geni katika njia za Unyamwezi. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji, ilitozwa hongo na watawala wa nchi ilizopita. Hongo haikuwa na bei moja. Ilijadiliwa, pengine kwa siku kadhaa, huku ukubwa wa msafara na shehena yake vikitazamwa. Ugogo, ambako maji ni adimu, wapagazi wenye kiu hawakuweza kungoja mabishano marefu. Angalau hongo ilidaiwa hadharani.

Gereji, jambo hufanyika kwa siri zaidi, nalo huanza na swali linaloonekana la kawaida: "Gari la nani?" Likiwa la anayeliendesha, fundi anajua kwamba atabanwa. Likiwa la bosi aliye mbali, mazungumzo ya pili huanza kati ya fundi na dereva, na hapo ndipo kinapozaliwa kile kinachoitwa "cha juu".

Tuseme, kwa mfano tu, diski ya klachi inauzwa Sh120,000 dukani. Bosi anaambiwa Sh200,000. Muuza spea, ambaye hapendi kuwapoteza wateja hawa, anaandika stakabadhi ya kiasi hicho, au anatoa stakabadhi tupu ijazwe mbele ya safari. Sh80,000 zinagawanywa kwa watu watatu. Fundi akidai ujira wa Sh30,000 tu, bosi humsifu kwa unafuu wake. Huo ndio ufundi wenyewe wa mchezo: ujira, ambao wateja hubishania hadi shilingi ya mwisho, huachwa chini, na bei ya spea, ambayo hawaiulizi, ndiyo inayobeba faida. Dereva ambaye posho yake haitoshi, au mshahara wake unalipwa kwa kuchelewa, ana kishawishi cha kushiriki. Wenye magari hawapendi kuambiwa hivyo.

Njia ya pili ni kuukuza ugonjwa. Gari linalochemsha ni mfano mzuri, kwa sababu kuchemka kuna sababu nyingi na gharama zake zinatofautiana mno. Yawezekana ni hosipaipu iliyopasuka, mfuniko wa radieta uliolegea, themostati iliyoganda, mkanda wa feni uliokatika au pampu ya maji iliyochoka. Yawezekana pia ni radieta iliyozibwa na matope na mbegu za nyasi kutoka mbugani, ambayo huhitaji kuoshwa tu. Na yawezekana kweli gasketi ya silinda hedi imeungua, kazi ambayo ni kubwa na ya gharama. Fundi asiye mwaminifu huanzia mwisho wa orodha hiyo. Akishafungua hedi, mteja hawezi tena kujua kama palikuwa na haja.

Gasketi iliyoungua mara nyingi huacha dalili zinazoonekana kabla spana haijaguswa: oili iliyogeuka rangi ya maziwa, mapovu yasiyokoma ndani ya radieta, moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata joto, na maji yanayopungua bila kuvuja popote. Dereva aombe aoneshwe dalili hizo, nazo zipigwe picha au video na kutumwa kwa mwenye gari. (Mfuniko wa radieta usifunguliwe injini ikiwa ya moto, mvuke wake unaunguza vibaya.)

Wizi wa wazi upo pia, ingawa pengine si mkubwa kama cha juu. Betri nzima huondoka na chakavu hubaki. Alteneta nzuri huhamia gari jingine. Katika magari ya petroli kinachowindwa ni kile mafundi wanachokiita masega, kilichomo kwenye bomba la moshi, kwa kuwa kina madini ya thamani ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Gari linaendelea kutembea, na mwenyewe huenda asigundue kwa miezi. Hatari zaidi ni breki: padi duni zikifungwa kwenye lori la mizigo kwa bei ya padi bora, anayelipa tofauti hiyo anaweza kuwa mtu anayetembea kando ya barabara.

Upande wa fundi nao una hoja. Wengi wamejifunza kazi chini ya mwembe, katika gereji bubu, bila geji ya kupima mgandamizo wa silinda wala mashine ya kusoma hitilafu za injini za kisasa. Asiye na kipimo hubahatisha, na kubahatisha humgharimu mteja sawasawa na udanganyifu. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza nje ya mfumo rasmi, na cheti hicho ni kitu cha kuuliza. Wala tatizo haliko vijijini peke yake. Hata Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ulioanzishwa mwaka 2005 na kukabidhiwa matengenezo ya magari ya Serikali, umelalamikiwa na wabunge kwa gharama na ucheleweshaji.

Kwa mwenye gari aliye mbali, hatua yenye nguvu kuliko zote ni kutenganisha fedha za spea na fedha za ujira. Mpigie muuza spea mwenyewe, uliza bei ya spea hiyohiyo kwenye duka jingine, kisha lipa dukani moja kwa moja kwa simu na udai risiti ya mashine ya kielektroniki. Makadirio yaandikwe kabla ya kazi kuanza, hata kwa ujumbe wa simu, yakitaja kila spea na kama ni mpya au imetumika. Spea ya zamani irudishwe pamoja na gari. Fundi anayejua kwamba kitu kibovu kitaonekana Dar es Salaam hubadilisha kilicho kibovu tu.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani (FCC), inakataza kuwapotosha wateja katika biashara, na Kanuni ya Adhabu inalifanya kosa la jinai jambo la kujipatia mali kwa udanganyifu. Kwa aliyeko Choma, ofisi za FCC ziko mbali. Kituo cha polisi na Mahakama ya Mwanzo ndivyo vinavyofikika. Mteja afahamu pia kwamba chini ya Sheria ya Mikataba fundi aliyemaliza kazi aliyoagizwa anaweza kulishikilia gari hadi alipwe ujira wake, isipokuwa kama walikubaliana vinginevyo. Haki hiyo haihusu kazi ambayo hakuna aliyemwagiza kuifanya, na katika ubishi wa namna hiyo ule ujumbe wa simu wenye makadirio ndio ushahidi wa kwanza.