Mwaka wa Matayarisho

Wazazi wengi hunung'unika chuo kikuu cha ng'ambo kinapomtaka mtoto wao asome kwanza mwaka wa matayarisho. Husema ya kuwa ni kupoteza fedha. Basi na tuikumbuke habari ya Peter Mbiyu Koinange.

Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Alliance, shule iliyofunguliwa Kikuyu mwaka wa 1926. Mwaka wa 1927 alisafiri kwenda Marekani. Lakini hakuingia chuo kikuu mara moja, kwa maana elimu aliyoipata Kenya haikutosha. Alikaa kwanza Hampton, Virginia, katika chuo kilichoanzishwa mwaka wa 1868 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, akamaliza huko masomo ya sekondari. Ndipo akaenda Ohio Wesleyan, kisha Columbia, akapata shahada ya pili mwaka wa 1936.

Aliporudi mwaka wa 1938, Wakikuyu walikuwa na shule zao wenyewe, ila waalimu hawakutosha. Mwaka wa 1939 chuo cha waalimu kikafunguliwa Githunguri, naye akakiongoza.

Je, angaliona haya kuketi tena katika madawati ya sekondari, chuo hicho kingalimpata wapi kiongozi? Sisi waalimu tusiwafiche wanafunzi wetu upungufu wao. Mwenda pole hajikwai.