Minestrone haihitaji kupitia London

Menyu nyingi za mikahawa ya Malindi na Watamu huandikwa Kiitaliano, kisha Kiingereza. Kiswahili kikipewa nafasi, minestrone hugeuzwa kuwa “supu ya mboga”. Na mhudumu akiitaja kwa mdomo, mara nyingi atasema “minestroni”. Tofauti hiyo ya e na i yaonekana ndogo, lakini ina historia.

Tuanze na asili. Kitenzi cha Kilatini ministrare maana yake ni kuhudumia. Kutokana nacho Waitaliano walipata minestrare, yaani kupakua chakula, halafu minestra, kile kinachopakuliwa: supu ya kuliwa kwa kijiko. Kisha wakaongeza kiambishi -one, ambacho hukuza. Sisi hukuza mwanzoni mwa neno, nyoka akawa joka na mtu akawa jitu. Wao hukuza mwishoni. Minestrone basi ni minestra kubwa, nzito, yenye maharagwe, karoti, viazi na nyanya, pengine na tambi au mchele. (Shina hilo hilo la Kilatini ndilo lililowapa Waingereza neno minister, ambaye sisi humwita waziri. Asili yake ni mtumishi. Hilo nawaachia wapiga kura.)

Kiingereza kilipolichukua neno hili katika karne ya 19, kilichukua supu tu. Waitaliano wenyewe huita minestrone pia mchanganyiko usio na mpango, mathalani hotuba iliyotiwa kila kitu. Maana hiyo haikuvuka. Isitoshe, Waingereza huitamka silabi ya mwisho “ni”, na kwa Mwitaliano minestroni ni wingi! Mhudumu wetu anayeiga Kiingereza huleta bakuli moja kwa jina la mabakuli mengi. Laiti angeyasoma maandishi kwa macho ya Kiswahili, mi-ne-stro-ne, angepatia bila kufundishwa na mtu. Soup tulilazimika kuipachika irabu mwishoni ndipo ikawa supu; minestrone yaja na irabu yake.

Na Waitaliano hawakuletwa kwetu na Waingereza. Katika miaka ya 1960, chini ya Profesa Luigi Broglio, walijenga kituo cha kurushia setilaiti huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. San Marco 2 ilirushwa kutoka kwenye jukwaa la baharini tarehe 26 Aprili 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa hapo setilaiti ya Marekani ya kuchunguza eksrei za angani, nayo ikaitwa Uhuru kwa kuwa Kenya ilikuwa ikiadhimisha siku hiyo. Neno letu likaingia katika vitabu vya astronomia jinsi lilivyo, wala hakuna aliyelitafsiri. Baada ya hapo wakaja watalii, wenye mahoteli na wastaafu, na vijana wa ufukweni wakaokota Kiitaliano kwa masikio. Hata “chao” wanayowapungia wageni waliipata hivyo, ingawa sidhani wengi wanajua kwamba chimbuko lake ni neno la watu wa Venice lenye maana ya mtumwa: “mimi ni mtumwa wako”.

Kwa nini basi kinachosikika moja kwa moja ufukweni kipitishwe London kinapofika mezani? Wareno, waliotia nanga Malindi mwaka 1498, walituachia meza, mvinyo na bendera bila mkalimani wa Kiingereza. Kwa kijana anayetafuta kazi mkahawani jambo hili si anasa la maprofesa. Mgeni wa kutoka Milano humpima kwa neno la kwanza.

“Supu ya mboga” nayo hainiridhishi. Kwetu pwani, ukisema supu, watu huwaza mifupa ya mbuzi au ng’ombe, asubuhi, pamoja na chapati. Kilicho karibu zaidi kimaana ni mseto, ule wa mchele na choroko, ambao nao ulitoka chunguni ukaingia siasani: mwaka 2008 Kenya nzima iliongozwa na serikali ya mseto. Ila mseto hauna mchuzi (mtuzi, kwa Wamvita), kwa hiyo siupendekezi. Mimi ningeacha minestrone kama ilivyo, na chini yake niandike: supu nzito ya mboga na maharagwe.

Waitaliano wana msemo pia kuhusu minestra iliyopashwa moto tena, wanapomtania mtu aliyemrudia mpenzi wa zamani. Hapo hatuhitaji kukopa. Kiporo tunacho.