Pointi za Chakula na Sebule ya Jean Nidetch

Mwaka 1961, mama wa nyumbani mmoja wa Queens, New York, alikuwa supamaketi akinunua mahitaji yake. Akakutana na mwanamke anayemfahamu kwa mbali. Yule mwanamke akamsifia kwamba amependeza, kisha akamwuliza anajifungua lini. Jean Nidetch hakuwa mjamzito. Alikuwa na kilo 97.

Huku kwetu "umenenepa" ni salamu. Unaambiwa harusini, unaambiwa msibani, mbele za watu, na anayekwambia hana ubaya wowote. Kwa hiyo sihitaji kusimuliwa Jean alirudi nyumbani na hali gani siku ile. Kinachonivutia ni alichofanya baadaye, kwa sababu ndicho kilichozaa biashara iliyokuja kuwafundisha mamilioni ya watu kuhesabu chakula kwa pointi. Na ukiifuatilia historia hiyo vizuri, utakuta kwamba pointi ndizo zilizochelewa kufika.

Jean alienda kwenye kliniki ya unene ya Idara ya Afya ya jiji la New York. Akapewa dayati iliyotokana na kazi ya Dk. Norman Jolliffe: samaki mara tano kwa wiki, maini mara moja, vitu vitamu marufuku. Akapungua kama kilo tisa kwa wiki kumi. Lakini alikuwa na siri. Usiku alikuwa anakula biskuti za chokoleti alizozificha bafuni, ndani ya kapu la nguo chafu. Yule mama wa kliniki hakuweza kumwambia. Basi akawapigia simu marafiki sita, wote wanene kama yeye, akawaalika kwake, na pale sebuleni akasema yote kuhusu zile biskuti. Nao wakasema ya kwao. Wiki iliyofuata walirudi, wakaleta na wenzao.

Kufikia mwishoni mwa 1962 Jean alikuwa na kilo 64. Mei 1963, akishirikiana na Al Lippert, aliyekuwa kwenye biashara ya nguo, na mkewe Felice, alianzisha Weight Watchers. Mkutano wa kwanza wa wazi ulifanyika Little Neck, Queens, katika ukumbi uliokuwa juu ya jumba la sinema. Kampuni yenyewe husimulia kwamba viti vilipangwa 50, wakaja watu 400.

Angalia kitu kimoja hapo. Dayati haikuwa ya Jean, ilikuwa ya jiji. Alichokiongeza yeye ni watu wa kukaa nao na kusema ukweli. Pointi hazikuwapo bado.

Kuhesabu kwenyewe kulikuwa na historia yake pembeni. Mwishoni mwa karne ya 19, mkemia Wilbur Atwater wa Chuo Kikuu cha Wesleyan, Connecticut, alikuwa akiwafungia watu katika chumba maalumu kilichopima joto la miili yao, ili ajue chakula kinatoa nguvu kiasi gani. Zile hesabu tunazozitumia hadi leo, kwamba gramu moja ya protini au ya wanga ni kalori nne na ya mafuta ni tisa, zinatoka kwake. Lakini Atwater hakuwa anamtafutia mtu kiuno chembamba. Swali lake lilikuwa namna familia ya mfanyakazi itakavyopata nguvu ya kutosha kwa senti chache. Kalori iliingia katika siasa za chakula ikiwa upande wa mwenye njaa.

Aliyeigeuza ni daktari wa California, Lulu Hunt Peters, ambaye mwenyewe aliwahi kuhangaika na uzito. Kitabu chake cha 1918, *Diet and Health*, kiliwafundisha Wamarekani kuacha kusema kipande cha mkate na kuanza kusema kalori 100 za mkate. Ilikuwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na Peters alifungamanisha kupungua na uzalendo: wanawake wakusanyike, wapime uzito pamoja, chakula kilichookolewa kiende kwa wenye shida. Yeye naye, kama Jean baada yake, aliona kwamba namba peke yake haitoshi, lazima pawe na kikao.

Na pointi? Watu wa kawaida walikuwa wamezizoea vizuri nchini Uingereza tangu Desemba 1941, wakati wa vita vya pili. Wizara ya Chakula chini ya Lord Woolton ilimpa kila mtu pointi za kutumia dukani kwa vyakula kama vya makopo. Kitu kikiadimika, wizara inapandisha pointi zake, kikijaa, inashusha. Mnunuzi anachagua mwenyewe atumie wapi. Mfumo ule haukudai kwamba kopo la samaki lina pointi kadhaa ndani yake, kama lilivyo na chumvi. Kila mtu alijua kwamba pointi ni uamuzi wa wizara.

Weight Watchers haikutokana na Woolton, lakini huo ukumbusho tutauhitaji.

Kampuni ya Jean ilikua haraka. Mwaka 1978 iliuzwa kwa Heinz kwa zaidi ya dola milioni 70. Na mwaka 1997, miaka 34 baada ya ule mkutano wa Little Neck, wanachama wa Marekani wakaletewa pointi. Kanuni ilikuwa hii: chukua kalori, gawa kwa 50, ongeza gramu za mafuta ukigawa kwa 12, toa gramu za nyuzinyuzi ukigawa kwa tano, na nyuzinyuzi zisihesabiwe zaidi ya gramu nne. Chukua ndizi mbivu moja yenye kalori 105, mafuta karibu sifuri na nyuzinyuzi gramu tatu. Unapata moja na nusu. Ukikadiria, ni pointi mbili.

Mwishoni mwa 2010 kanuni ikabadilishwa, na ndizi ikawa sifuri, pamoja na matunda mengi mabichi. Mwishoni mwa 2017 mayai, samaki, maharage na kifua cha kuku kisicho na ngozi navyo vikawa sifuri. Ndizi ni ileile, na yai ni lilelile. Kilichobadilika ni kile ambacho kampuni ilitaka watu wale zaidi. Sisemi ni ubaya. Pengine kumsogeza mtu kutoka kwenye biskuti kwenda kwenye ndizi ni jambo jema kabisa. Nasema tu kwamba ile namba ni ushauri uliovalishwa sare ya sayansi, na aliyeishi Uingereza mwaka 1942 angeutambua haraka kuliko sisi.

Ila pointi zilikuwa na jambo jingine: zingeweza kutembea bila sebule. Kalori na pointi vikaingia kwenye intaneti, kisha kwenye simu, na mtu akaweza kuhesabu kimyakimya, bila kumwambia yeyote kuhusu kapu la bafuni. Jean alifariki Aprili 2015, akiwa na miaka 91. Mwaka 2023 kampuni ilinunua huduma inayowaandikia watu dawa za kupunguza uzito kwa njia ya mtandao, na Mei 2025 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake.

Mimi mwenyewe niliwahi kuhesabu, miezi mitatu, kwenye simu. Nilipungua, sikatai. Siku moja nikaenda nyumbani, mama kaweka sinia la pilau katikati ya mkeka, tuko watu sita. Nikashindwa. Utahesabuje tonge lako kwenye sinia? Nikaomba sahani yangu, nikapima, nikala pembeni nikiandika. Mama hakusema kitu. Alisogeza tu kachumbari upande wangu.

Nilikuja kuelewa baadaye kwamba nilikuwa nimechukua nusu ya kazi ya Jean na kuiacha nusu nyingine. Yeye alipata namna ya kukaa na watu na kusema "usiku nakula biskuti kwa siri" bila kufa kwa aibu. Mimi nilikuwa na hesabu sahihi, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote pale mkekani kwamba daktari alinitisha kuhusu presha.

Nimemwambia mama mwaka huu. Akaniuliza mbona sikusema siku ile, kwani na yeye anameza dawa hizohizo.