KATI YA MWAKA HUU NA MWAKA ULE: JINSI YA KUANDIKA TAREHE ZA UKOO WETU

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini mmekwisha keti, na kila mmoja ana daftari na kalamu mbele yake. Mwalimu wa darasa naye ashike chaki, maana leo tutaandika tarehe ubaoni.

Katika masomo yaliyopita tulijifunza habari za nchi. Leo tutajifunza habari za nyumba zetu. Usidhani kwamba historia ni ya wafalme na majemadari tu. Bibi yako naye ana historia, na babu aliyemzaa bibi yako anayo pia. Lakini ukitaka kuiandika utakutana na shida moja mara moja: Walizaliwa lini?

Ukiuliza wazee, utajibiwa hivi: "Nilizaliwa wakati wa njaa." "Nilizaliwa nzige walipokuja." "Nilikuwa nimeanza kutembea Wajerumani walipoondoka." Kijana aliyesoma husikia majibu haya akacheka. Asicheke. Majibu hayo ni tarehe kamili kwa mtu ajuaye kuyasoma.

Chukua mfano wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, baba yake Mwalimu Julius Nyerere. Jina Nyerere maana yake ni kiwavi. Alipewa kwa sababu alizaliwa viwavi walipoivamia nchi yao. Mwanawe naye aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa kuwa siku aliyozaliwa mvua kubwa ilinyesha. Unaona, basi, wazee wetu waliandika tarehe. Hawakuziandika katika karatasi, bali waliziandika katika watu wenyewe.

Kazi yetu leo ni kuzihamisha tarehe hizo ziingie katika daftari, au katika kompyuta, bila kuziharibu. Nami nitawaeleza jinsi nilivyoziharibu mimi mwenyewe.

KOSA LANGU

Miaka michache iliyopita nilipata programu ya kompyuta ya kuandika nasaba. Ni chombo kizuri. Unaandika jina la mtu, wazazi wake, mwenzi wake na watoto wake, nayo inachora mti wa ukoo mzima. Kila mtu ana mahali pa kuandika siku ya kuzaliwa. Mimi nilikusanya vyeti na vitambulisho vya jamaa zangu, nikanakili tarehe zake zote kama zilivyo. Nikachapa mti huo katika karatasi kubwa, nikaubandika ukutani siku ya mkutano wa ukoo, nikitazamia sifa.

Bibi yangu alikuwa ameandikwa 1 Januari 1950. Mdogo wake, ambaye mimi namwita babu, alikuwa ameandikwa 1 Julai 1945. Baba yao alikuwa askari wa KAR. Chini ya jina lake niliandika kama hati yake ya jeshi isemavyo: aliingia mwaka 1942, akaachishwa Novemba 1946.

Siku ile watu walikuwa wakizungumza pia habari ya kugawa shamba la marehemu huyo. Jamaa mmoja akasimama mbele ya karatasi yangu, akasoma kwa sauti, kisha akasema: "Kumbe! Huyu alizaliwa mwaka 1945, na baba yuko vitani tangu 1942, wala hakurudi likizo hata siku moja. Basi huyu ni mtoto wa nani? Na watoto wake wanadai shamba gani?"

Babu hakujibu neno. Aliondoka akaenda kukaa nje peke yake. Ndugu zangu, siku ile nilijua kwamba tarehe si mchezo. Kwa tarakimu nne nilizoandika bila kufikiri, nilikuwa nimemtukana marehemu mama yake na kuwatia wanawe katika hatari ya kukosa urithi.

KULITENGENEZA

Usiku ule nilikwenda kukaa na Bibi, na daftari langu magotini. Fuata hesabu hii, na mwalimu aiandike ubaoni.

Kwanza, Bibi mwenyewe. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka 1957, na kadi ya kliniki ipo. Ukitoa 1950 katika 1957 unapata 7. Je, mtoto wa miaka saba huzaa? Basi tarehe ya kitambulisho ni ya uongo, ingawa hakuna aliyekusudia kudanganya. Karani alitaka tarehe, Bibi hakuwa nayo, basi ikaandikwa 1 Januari. Ukiona 1 Januari au 1 Julai katika cheti cha mzee, shtuka kidogo. Huenda ni kweli, lakini mara nyingi ni tarehe ya kujazia tu.

Sasa tutafute iliyo kweli. Wazazi wa Bibi walifunga ndoa mwaka 1935, na kitabu cha kanisa kinasema hivyo. Jamaa wote wanakubali kwamba yeye ndiye mtoto wa kwanza, aliyezaliwa baada ya ndoa. Tena Bibi anakumbuka siku baba yake alipokwenda jeshini mwaka 1942. Alimbebea kibuyu cha maji mpaka barabarani, akamwaga maji, akagombezwa. Mtoto akumbukaye jambo kama hilo hapungui miaka mitatu. Ukitoa 3 katika 1942 unapata 1939. Basi Bibi alizaliwa kati ya 1935 na 1939.

Sasa babu. Baba yake alifika nyumbani Novemba 1946. Hesabu miezi tisa, unafika Agosti 1947. Na kitabu cha ubatizo cha mwaka 1949 kinamtaja kwa jina, akiwa mtoto wa kubebwa. Basi alizaliwa kati ya 1947 na 1949. Ile 1 Julai 1945 ilikuwa ya kujazia, kama ile ya dada yake.

Asubuhi wazee wakaagiza kitabu cha ubatizo, kikasomwa mbele ya wote. Yule jamaa aliyesema akaomba radhi. Nami nikaomba radhi kabla yake, maana karatasi ilikuwa yangu.

MANENO MATANO YA KUANDIKA TAREHE

Baadaye niliitazama tena ile programu, nikaona kwamba haikuwa imenilazimisha kuandika siku moja. Programu nyingi za nasaba hufuata utaratibu uitwao GEDCOM, uliotolewa kwanza mwaka 1984 ili kompyuta mbalimbali ziweze kupashana habari za koo. Utaratibu huo una nafasi ya tarehe zisizojulikana kamili. Nilikuwa na mlango wazi nikapita dirishani.

Haya, andika maneno haya matano. Yanatumika katika daftari sawasawa na katika kompyuta.

1. KABLA YA. Unajua mwisho, hujui mwanzo. Mfano: alikufa kabla ya Uhuru, yaani kabla ya 9 Desemba 1961. Katika kompyuta alama yake ni BEF.

2. BAADA YA. Unajua mwanzo, hujui mwisho. Mfano: alihama baada ya 1967. Alama yake ni AFT.

3. YAPATA. Unajua mwaka kwa kukisia tu. Alama yake ni ABT. Neno hili ni dhaifu, usilipende mno, kwa kuwa msomaji hajui kama umekosea mwaka mmoja au kumi.

4. KATI YA … NA … Unajua mipaka yote miwili. Alama yake huanza na BET, na mipaka huunganishwa na AND. Hili ndilo neno lenye nguvu, maana linasema wazi ujualo na usilolijua.

5. TANGU … MPAKA … Hili linafanana na la nne, lakini si moja. Sikiliza vizuri. Ukisema, "Alizaliwa kati ya 1935 na 1939," jambo lilitokea siku moja tu, ila siku hiyo hatuijui. Ukisema, "Alikuwa askari tangu 1942 mpaka 1946," jambo lilidumu miaka yote hiyo. Hakuna azaliwaye miaka minne! Kwa hiyo usiandike 1935, kisha mstari mdogo, kisha 1939, ukaacha hivyo. Msomaji mmoja atadhani ni kati, mwingine atadhani ni tangu na mpaka, na wa tatu atadhani mtu huyo aliishi miaka minne akafa.

KUPATA MIPAKA

Mipaka hupatikana wapi? Hupatikana katika mambo makubwa yajulikanayo na watu wengi. Andika haya nyuma ya daftari: sotoka ya ng'ombe, iliyoingia kwetu miaka ya mwanzo ya 1890, Vita vya Majimaji, 1905 mpaka 1907, Vita Kuu ya Kwanza, 1914 mpaka 1918, homa kuu iliyoua wengi, 1918 na 1919, Vita Kuu ya Pili, 1939 mpaka 1945, Uhuru wa Tanganyika, 1961, Azimio la Arusha, 1967, Vita vya Kagera, 1978 na 1979.

Lakini jihadhari. Mzee akisema "wakati wa vita," muulize vita gani. Akisema "wakati wa njaa," muulize njaa hiyo iliitwaje kijijini kwake, maana njaa zilikuwa nyingi na kila moja ina jina lake. Muulize pia alikuwa mkubwa kiasi gani: alibebwa, alichunga mbuzi, au alikuwa amekwisha ota ndevu?

Ninyi wa pwani mna jambo jingine. Makaburi na hati zenu nyingi zina miaka ya Hijra. Mwaka wa Hijra una siku 354 au 355, nao haulingani na mwaka wa Januari. Mwaka 1300 wa Hijra, kwa mfano, ulianza Novemba 1882 ukaisha karibu na Novemba 1883. Basi ukiona 1300 peke yake bila mwezi, usiandike 1882, wala usiandike 1883. Andika kati ya 1882 na 1883, na uihifadhi ile 1300 kando yake.

Wala usione haya kwa kutojua siku. Mzee Jomo Kenyatta, Rais wa kwanza wa Kenya, hakuna aijuaye siku aliyozaliwa. Inajulikana kwamba alipitia jando mwaka 1913, na kwamba alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Kuzaliwa kwake, mwandishi mmoja alikisia 1890, na mwingine, baada ya uchunguzi mrefu zaidi, akasema 1897 au 1898. Ikiwa mkuu wa nchi tunamwandika kwa kukadiria, bibi yako ana aibu gani?

Mwisho, andika sababu kando ya kila tarehe: "Kwa kuwa alibatizwa 1949." "Kwa kuwa anakumbuka kibuyu." Atakayekuja baada yako akipata ushahidi mpya ataweza kuisogeza mipaka. Lakini wewe usiisogeze kwa kupendezwa tu. Mipaka mipana iliyo ya kweli ni bora kuliko siku moja iliyo ya uongo.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA SOMO LIJALO

Nenda kwa mzee mmoja wa nyumbani kwako. Usimwulize, "Ulizaliwa tarehe ngapi?" Mwulize, "Unakumbuka jambo gani la kwanza kabisa?" Sikiliza bila kumkatiza. Kisha andika sentensi moja yenye neno KATI YA, na sentensi ya pili yenye neno KWA KUWA. Msomee mwenyewe, naye aseme kama ni kweli.

Fanya hivyo wiki hii, ndugu yangu. Kadi na vyeti vitakaa kabatini, lakini mzee akumbukaye kibuyu cha maji hatakaa siku zote.

Kwaherini.