Jambia na Mpunga: Pemba kati ya Mombasa na Maskati

Wapo waitajao Pemba kwa uganga wake kwanza, na kwa historia yake baadaye, kama wakikumbuka. Afikaye Pujini, upande wa mashariki ya kisiwa, husimuliwa habari za Mkama Ndume, mtawala jabari aliyewabebesha raia mawe ya ngome huku wakisota kwa makalio. Huoneshwa kisima kilichokatwa kati kwa ukuta ili, yasema hekaya, wake wawili wa mfalme wasikutane wakichota maji. Kisha huteremshwa kwenye chumba cha chini ya ardhi chenye sanamu ya siwa ukutani. Wanaakiolojia wameiweka ngome hiyo katika karne ya 15, na chumba hicho wamekidhania kuwa mahali pa mizimu. Ni hekaya tamu. Ila utamu wake umekifunika kisa kingine, kisicho na jini hata mmoja, ambacho ndicho kilichoamua hatima ya Pemba.

Asili yake ni mpunga. Mabonde ya Pemba, kisiwa ambacho Waarabu walikiita Al-Khadhra, yaani cha kijani, yalikuwa ghala la Mombasa. Mwenye kuitawala Mombasa bila Pemba alitawala ngome yenye njaa.

Katika miaka ya 1740 liwali wa Mombasa, Muhammad bin Uthman al-Mazrui, alikataa kumtambua Ahmad bin Said, aliyejitwalia utawala wa Oman. Jibu halikuja kwa manowari. Walikuja wageni wakijifanya maadui wa Imamu, wakapokewa kwa heshima, kisha wakamuua mwenyeji wao. Nduguye Ali bin Uthman alifungwa ndani ya Ngome ya Yesu. Akatoroka, akarudi usiku na watu wake, wakapanda kuta na kuwaua wauaji. Ali huyo aliinyakua Pemba kutoka kwa Wapate, na mnamo 1753 akaivamia Unguja. Ushindi ulipokuwa umekaribia, aliuawa kwa jambia la jamaa yake mwenyewe, na jeshi likarudi Mombasa. Mrithi wake, Masud bin Nasir, alipatana na Pate juu ya Pemba. Wakubwa wawili waliokuwa wakiviziana jana wakawa washirika leo, kila mmoja akilichungulia fungu la mwenziwe. Wapemba wenyewe, waliolima mpunga huo, hawakuulizwa.

Hapa ndipo simulizi nyingi zinapowapita. Pemba huandikwa kama uwanja ambamo wengine walipigania, na washairi nao wana sehemu yao katika hilo. Muyaka bin Haji, ulimi mkali kuliko wote wa zama zile, alikuwa mtu wa Mombasa na mtetezi wa Mazrui. Yaliyobakia katika tungo zake ni sauti ya upande mmoja. Shairi zuri si lazima liwe shahidi mwadilifu.

Mnamo 1822 Wapemba walicheza karata yao wenyewe. Madiwani wao, ambao kati yao hutajwa Ngwachani na Athumani, walikwenda Maskati kumshitakia Sayyid Said bin Sultan dhuluma za Mazrui. Wakati waliuchagua vyema, kwani Sayyid Said alikuwa akitafuta mlango wa pwani, na mlango ukamjia wenyewe. Kufikia 1823 Pemba ilikuwa imewatoka Mazrui. Mbarak bin Ahmed alivuka kuirejesha, akashindwa. Mwaka uliofuata Mazrui waliikimbilia bendera ya Waingereza, kwa Kapteni Owen, na katika masharti ya mkataba wakataka warejeshewe milki zao, Pemba ikiwamo. Bendera ile iliteremshwa 1826. Pemba hawakuipata tena. Mwisho wao ulikuja 1837, nao kwa hila vilevile: wakuu wao walikamatwa ndani ya Ngome waliyoipigania karibu miaka mia moja, wakapelekwa uhamishoni Bandar Abbas.

Je, madiwani walifaulu? Kumfukuza Mazrui, ndiyo. Lakini rafiki aliyeitwa hakurudi kwao. Baada yake ilikuja mikarafuu, na mikarafuu ikaleta wenye mashamba na watumwa wao. Kimbunga cha 1872 kilipoing’oa mikarafuu ya Unguja na kuibakisha ya Pemba kwa sehemu kubwa, kisiwa cha mpunga kikawa rasmi kisiwa cha karafuu. Waliokwenda Maskati hawangeweza kuyaona hayo, na si haki kuwahukumu kwa kimbunga. Walijua liwali wao, hawakumjua bado mgeni wao.

Washairi wakubwa wa Pemba ambao tungo zao zimetufikia, Kamange na Sarahani, ni wa vizazi vya baadaye, vya mikarafuu. Safari ya Maskati haikupata Muyaka wake. Ngwachani leo ni jina la shehia katika Wilaya ya Mkoani.