Benchi la Bibi na Ugonjwa wa Mawazo

Ndugu zanguni, kuna neno la Kishona limenikaa kichwani wiki nzima: kufungisisa. Maana yake ni kufikiri kupita kiasi. Sisi nasi tunalo letu. Mtu halali, hali, anashtuka ovyo. Ukiuliza ana nini, unaambiwa "ana mawazo". Basi, imeisha hiyo. Pole, jikaze. Wazimbabwe wao walilichukua neno lao wakalifanya mlango wa tiba.

Hebu turudi nyuma kidogo. Mei 2005 serikali ya Robert Mugabe ilianzisha Operesheni Murambatsvina, yaani ondoa uchafu. Nyumba na vibanda vya maskini vikabomolewa mijini. Umoja wa Mataifa ukamtuma Mtanzania mwenzetu, Mama Anna Tibaijuka, wakati huo mkuu wa UN-HABITAT, akachunguze. Ripoti yake ya Julai 2005 ilikadiria kuwa watu 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Haya, nyumba itajengwa tena. Na moyo je?

Madaktari wa akili nchini humo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mmoja wao, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa, binti aliyejiua. Mama wa binti alimweleza kwamba walikosa dola 15 za nauli ya basi kumrudisha hospitali. Chibanda akaona kumbe tiba inayomsubiri mtu hospitalini haitoshi. Mwaka 2006 akaanza kazi Mbare, jijini Harare. Wauguzi walikuwa wamezidiwa, chumba hakuna. Alichopewa ni akina bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaani. Wakakaa nje, kwenye benchi.

Mwanzoni yeye aliliita benchi la afya ya akili. Akina bibi wakamwambia hakuna atakayekaa hapo! Likaitwa Benchi la Urafiki.

Inakuwaje sasa? Mgeni anaulizwa maswali 14 yaliyotokana na namna Washona wenyewe wanavyoeleza taabu zao. Kisha bibi, aliyepewa mafunzo, anasikiliza. Hatua ya kwanza inaitwa kufungua fikra: mtu anamwaga yote, kodi ya nyumba, mume mlevi, ugonjwa, msiba. Halafu anachagua tatizo moja tu, na wanatafuta pa kuanzia. Akirudi wanaangalia ilikwendaje. Baadaye anajiunga na wenzake, wanasuka mifuko ya plastiki iliyokwishatumika huku wakizungumza. Mwenye hali mbaya zaidi anapelekwa kwa wataalamu.

Msije mkasema ni hadithi za vibibi. Utafiti uliochapishwa katika jarida la JAMA mwaka 2016 uliwafuatilia watu 573 katika kliniki 24 za Harare. Baada ya miezi 6, waliokuwa bado na dalili za sonona ni asilimia 14 ya waliopita kwenye benchi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Wasiwasi nao ulipungua vivyo hivyo. Benchi hilo limeshafika Malawi, na hata hapo Zanzibar.

Kwa maoni yangu, siri ni kwamba akina bibi hawakumtenga mgonjwa na maisha yake. Kodi ya nyumba nayo ilihesabiwa kuwa sehemu ya ugonjwa, hivyo ikawa sehemu ya tiba. Sisi lugha tunayo, na akina bibi tunao. Tunachokosa ni swali la pili.

Mara ya mwisho mtu alipokwambia ana mawazo, ulimuuliza ni mawazo gani?